Shule Zetu Zisiwe Mipaka Mipya ya Matabaka

Ndugu msomaji wa visiwani anayeshuka katika boti bandarini Dar es Salaam na kushika njia ya Kariakoo kwa miguu, hapana budi apite Mnazi Mmoja. Jina hilo si geni kwake, kwani Unguja nako uko Mnazi Mmoja. Lakini viwanja hivi viwili havilingani kwa jina peke yake. Vyote viwili viliwahi kuwa mipaka. Unguja, hori la maji na uwanja uliokuwa pembeni yake vilitenga Mji Mkongwe wa mawe na Ng'ambo ya makuti. Dar es Salaam, wakoloni waliugawa mji katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na huku Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi, ili watu wa kanda moja wasikaribiane mno na watu wa kanda nyingine.

Shule nazo zilifuata mipaka hiyo hiyo. Palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Kila moja ilikuwa na fungu lake la fedha, walimu wake na majengo yake, na ubora wa kila moja ulipimwa kwa rangi ya ngozi ya mtoto. Mtoto wa Ilala hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba yeye ni wa daraja la tatu. Alilijua hilo kila asubuhi kwa kuitazama njia aliyopita na mlango aliouingia.

Mipaka hiyo haikuondoka yenyewe, iliondolewa kwa sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ilifuta ubaguzi wa rangi katika shule za Tanganyika na kuweka mfumo mmoja wa elimu. Shule ya Azania, iliyokuwa ya wanafunzi wa Kihindi, na zile za Tambaza na Zanaki, zilizokuwa za Aga Khan, zote zimo katika Ilala ya leo, na zote hatimaye zikawa shule za umma za watoto wa taifa zima. Zanzibar, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza tarehe 23 Septemba 1964 kwamba elimu itatolewa bila malipo na bila ubaguzi. Wazazi wetu wa pande zote mbili za Muungano walielewa jambo moja kabla ya mengi mengine: taifa haliwezi kuwa moja ikiwa watoto wake wanafundishwa mbali mbali.

Tunayakumbusha haya si kwa ajili ya kujisifu. Tunayakumbusha kwa sababu mipaka inarudi. Safari hii haikuwekwa kwa rangi, wala hakuna mpima ardhi aliyeichora. Imewekwa kwa fedha. Na kwa kuwa fedha haina rangi, wengi wetu hatuioni mipaka hiyo, au tunaiona na kuiita jina jingine zuri zaidi.

Ukitaka kuiona, simama saa kumi na mbili alfajiri kando ya barabara itokayo Gongo la Mboto kwenda mjini. Hupita kwanza mabasi ya njano ya shule za binafsi. Ndani yake wamo watoto waliovaa makoti na tai, kila mmoja na kiti chake, na wengine wanamalizia usingizi. Pembeni, kituoni, wamesimama watoto wa shati jeupe na kaptura au sketi ya buluu. Hao wanangoja daladala ambayo kondakta wake hataki kuwapakia, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo na nafasi anaiwekea mtu mzima. Watoto hawa na wale huenda wanatoka mtaa mmoja. Pengine mama zao hununua mboga kwa muuzaji mmoja. Lakini hawatakaa dawati moja, hawatacheza mpira pamoja, wala hawatajuana majina. Watakutana baada ya miaka ishirini, mmoja akiwa nyuma ya meza na mwingine mbele yake akiomba muhuri.

Watu wa mjini wana mzaha wao juu ya jambo hili. Kwa kuwa shule nyingi za binafsi zina majina ya watakatifu, shule ya msingi ya serikali nayo wameibatiza "Mtakatifu Kayumba". Mtoto husema, "Mimi nasoma Kayumba", na wenzake hucheka. Mzaha huo ni hukumu. Wananchi wamekwisha kukata shauri kwamba shule ya umma ni ya yule aliyekosa pengine pa kwenda.

Tumefikaje hapa? Jibu la haki linataka tusiwalaumu watu wa leo peke yao. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, Serikali ilizitwaa shule za mashirika kwa sheria ya mwaka 1969, ikafuta karo ya shule za msingi mwaka 1973, na kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 ikakusudia kumpeleka kila mtoto darasani. Ilipofika mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa umeenea nchi nzima. Ilikuwa kazi kubwa, iliyofanywa na nchi maskini. Lakini ilifanywa kwa walimu waliofunzwa haraka na kwa vitabu vichache, na nafasi za sekondari zilibaki kama tundu la sindano. Ilipokuja dhiki ya uchumi, ada ilirudi katika sekondari mwaka 1985, na katika shule za msingi ikarudi michango. Hata Chama, kupitia Jumuiya yake ya Wazazi, kilijenga sekondari za kulipia, kwa sababu watoto walikuwa wengi na milango michache. Kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikawafungulia watu binafsi njia pana ya kuanzisha shule za ngazi zote.

Ada ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002. Baadaye zikaja sekondari za kata. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifanya elimu kuwa bila ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 unafuu huo ukafika kidato cha sita. Haya ni mafanikio ya kweli, na mtu mwenye insafu hawezi kuyakana. Watoto waliokuwa wakiuza karanga na mifuko Kariakoo wakati wa masomo walipata darasa la kukaa.

Lakini ndipo penye fundisho. Kufuta ada kulimfungulia mlango mtoto maskini, hakukumzuia mtoto wa mwenye uwezo asitoke kwa mlango wa pili. Madarasa yalipofurika, mzazi mwenye kipato alimhamisha mwanawe. Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo hayo baada ya kufuta ada ya shule za msingi mwaka 2003: watoto wa maskini waliingia kwa wingi, na wengi wa wenye nafuu wakahamia shule za binafsi. Basi elimu bila ada ni sharti la usawa, lakini yenyewe siyo usawa. Anayedhani kazi imekwisha kwa kuwa ada imefutwa anafanana na mtu aliyefungua mlango wa msikiti akadhani watu wamekwisha kuswali.

Tuitazame Ilala yenyewe, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo inayobeba hadhi ya Jiji la Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 1.6. Ndani ya mamlaka moja, chini ya mkurugenzi mmoja na baraza moja la madiwani, zimo Upanga na Kisutu, yamo Kariakoo na Buguruni, na ziko Chanika, Majohe na Msongola kule pembezoni. Kadiri Kariakoo inavyozidi kuwa maghorofa ya maduka na maghala, familia zilizokuwa zikipanga chumba kimoja katika nyumba za Uswahilini zimesukumwa nje, kilomita nyingi kutoka sokoni zinakopata riziki. Watoto wamekwenda nazo. Shule nzuri na walimu wazoefu hawakwenda nazo. Kati ya mji ziko shule zenye majengo imara, uzio na maji. Pembezoni ziko shule ambazo watoto huingia kwa zamu, asubuhi kundi moja na mchana jingine, na kiwango kinachotakiwa cha wanafunzi 45 kwa darasa hubaki maandishi tu.

Na utengano haupo baina ya shule za binafsi na za umma peke yake. Umeingia ndani ya shule za umma zenyewe. Upanga ziko shule za msingi za serikali za mchepuo wa Kiingereza, Olympio na Diamond, na katika miaka ya karibuni halmashauri nyingi nchini zimeanzisha shule za namna hiyo, ambazo mzazi huzilipia. Shule hizi zinapendwa, na walimu wake wanastahili sifa. Lakini tuseme ukweli: shule iliyojengwa kwa kodi ya wote, juu ya ardhi ya wote, ikifundishwa na mwalimu anayelipwa na wote, kisha ikawekewa bei asiyoiweza mchukuzi wa Kariakoo, hiyo ni shule ya umma kwa jina tu.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, kwani kwa hesabu ya nchi nzima, watoto wa shule za msingi za binafsi hawafiki hata mmoja katika kumi. Ni kweli ni wachache. Lakini swali si wangapi, swali ni watoto wa nani. Hao wachache ni watoto wa maofisa wanaopanga bajeti ya elimu, wa madiwani wanaoipitisha, wa wafanyabiashara ambao sauti yao husikika, wa waandishi wa habari, na hata wa walimu wakuu wa hizo hizo shule za umma. Anayeamua habari za choo cha shule hana mtoto atakayekitumia. Anayesaini barua ya uhaba wa walimu hana mtoto anayekosa mwalimu. Huo ndio msiba wenyewe. Shule ya umma haikupoteza ada za watu hawa tu, imepoteza hasira yao. Zamani darasa lilipovuja, lilimvujia mtoto wa mkuu wa wilaya na mtoto wa mchuuzi wa samaki, na paa liliezekwa. Leo linawavujia wasio na wa kumpigia simu.

Madhara ya pili ni ya lugha. Mtoto wa shule ya binafsi huingia kidato cha kwanza akiwa amesoma kwa Kiingereza miaka yote ya msingi. Mtoto wa Vingunguti huingia darasa hilo hilo akiwa amesoma kwa Kiswahili, hupewa majuma machache ya mazoezi, kisha fizikia na historia huanza kwa lugha asiyoifahamu. Baada ya miaka minne tunawapa mtihani mmoja, na matokeo yakitoka tunasema mmoja ana akili na mwingine hana. Huo si mtihani wa akili, ni mtihani wa mfuko wa baba.

Madhara ya tatu ni ya moyo, na haya hayana takwimu. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda shule tunakumbuka mkeka. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mpagazi walikaa mkeka mmoja, walishika misahafu iliyochakaa sawasawa, na fimbo ya mwalimu haikuuliza baba wa mtu. Mwenye kufahamu upesi alimkaririsha mwenziwe. Kila aliyesoma Kurani anakijua kisa cha Sura ya Abasa: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akamjia kipofu maskini, Ibn Umm Maktum, kutaka kufundishwa, na Mola akamkumbusha Mtume wake asimpe kisogo yule aliyekuja kutafuta elimu. Ikiwa ukumbusho huo ulimshukia mbora wa viumbe, sisi ni nani hata tukajenga mfumo mzima wa kumpa kisogo mtoto wa maskini na kumkunjulia uso mtoto wa tajiri?

Hapa mwandishi hana budi kujikosoa, kwani Chama kilitufunza kwamba anayekosoa wengine aanze na nafsi yake. Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka shule ya kulipia. Nilisimama majukwaani nikaisifu elimu bila ada, na alfajiri ya pili nikamshika mkono mwanangu nikampandisha basi la njano. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa ajili yake, na ilikuwa kweli. Lakini siku moja katika mkutano wa wazazi wa kata, mama mmoja muuza vitumbua aliniuliza mbele ya watu, kwa adabu kabisa, "Ndugu, na wa kwako anasoma darasa gani hapa shuleni kwetu?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba mzazi hakosei kumtafutia mwanawe kilicho bora. Inayokosea ni sera inayofanya kilicho bora kiwe mahali pamoja na watoto wengi mahali pengine. Lakini pia nimefahamu kwamba sera hiyo tunaiandika sisi wenye njia ya kuikwepa. Mdogo wake nimemwandikisha shule ya serikali ya mtaani kwetu. Sisemi hili kujitukuza. Nasema kwa sababu tangu hapo sijakosa hata kikao kimoja cha shule hiyo, na ndiyo hoja yote ya makala haya.

Sasa tufanye nini? Hatusemi shule za binafsi zifungwe. Tuliwahi kubana njia hiyo, na waliokuwa na uwezo waliwapeleka watoto nje ya mipaka, huku maskini wakibaki na uhaba ule ule. Wala hatusemi kiwango cha shule nzuri kishushwe ili wote walingane kwa ubovu. Tunasema kwamba utengano uliletwa na maamuzi, na kwa maamuzi utapunguzwa. Tunapendekeza mambo matano.

La kwanza ni fedha. Ruzuku ya uendeshaji imewekwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari, sehemu yake ikikatwa kwa ajili ya vitabu. Kiwango ni kimoja kwa shule ambayo wazazi wake waweza kuchangia kompyuta, na kwa shule ambayo wazazi wake hawana hakika ya chakula cha jioni. Kuwapa sawa wasiokuwa sawa ni kuidumisha tofauti. Mtoto anayetoka katika kaya iliyoandikishwa katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF apewe ruzuku kubwa zaidi, na fedha hiyo imfuate katika shule yoyote atakayosoma. Orodha za kaya zipo, mitaa inazifahamu. Chile ilianza kufanya hivyo mwaka 2008, ikatoa nyongeza kwa kila mwanafunzi maskini. Kwa njia hiyo mtoto maskini huacha kuwa mzigo kwa mwalimu mkuu, akawa mtoto mwenye fungu lake.

La pili ni nafasi. Shule za serikali zinazogombewa, pamoja na zile za mchepuo wa Kiingereza, zitenge sehemu maalumu ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa kata maskini za Jiji hilo hilo, bila malipo. Nafasi hizo zitolewe kwa kura ya wazi mbele ya wazazi. Usaili wa mtoto wa miaka sita ukomeshwe, kwani humpima mama na baba, haumpimi mtoto. Na kwa kuwa mtoto wa Majohe hawezi kufika Upanga kwa miguu, usafiri uwe sehemu ya mpango tangu mwanzo.

La tatu ni shule za binafsi. Zinatumia barabara zetu, zinachukua walimu waliofunzwa na vyuo vyetu, na zinapata kibali kutoka Serikalini. Kibali hicho kiwe na sharti. India, kwa Sheria ya Haki ya Elimu ya mwaka 2009, iliziagiza shule za binafsi kutenga asilimia 25 ya nafasi za darasa la kuanzia kwa watoto wa tabaka la chini, Serikali ikilipa sehemu ya gharama. Wenye shule walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikaithibitisha sheria. Utekelezaji wake umekuwa na kasoro, yakiwamo malalamiko kwamba watoto walioingia kwa njia hiyo hutengwa ndani ya shule. Basi sisi tuanze kwa asilimia ndogo, lakini tuandike waziwazi kwamba ni darasa moja, sare moja na meza moja ya chakula.

La nne ni walimu na lugha. Mwalimu mzoefu anayekubali kufundisha pembezoni apewe nyumba au posho ya kutosha, tena ailipwe kwa wakati, maana mwalimu hali ahadi. Na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo katika kila shule ya msingi, na walimu wanaokijua, ili kisiwe bidhaa ya kununuliwa. Tunakipenda Kiswahili na tutakitetea, lakini hatukitetei kwa kumwacha mtoto wa maskini akizama katika kidato cha kwanza huku wa kwetu tumewafunza kuogelea.

La tano ni viongozi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Allahabad, huko huko India, iliagiza watumishi wa serikali wa jimbo la Uttar Pradesh wawapeleke watoto wao katika shule za msingi za serikali. Agizo hilo halikutekelezwa, na hatushangai, kwani moyo hauamriwi kwa hati ya mahakama. Sisi tunapendekeza jambo jepesi zaidi. Viongozi wa umma hutoa tamko la mali kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya mwaka 1995. Iongezwe sehemu moja fupi: watoto wako wanasoma shule za namna gani, za umma au za binafsi? Asilazimishwe mtu, wala jina la mtoto lisitajwe. Idadi peke yake itangazwe kila mwaka, kwa kila wizara na kila halmashauri. Wananchi watajisomea wenyewe ni wangapi miongoni mwa wapishi wanaokila chakula wanachokipika.

Wako watakaouliza, je, nafasi za upendeleo si ubaguzi mwingine? Tunawakumbusha kwamba Tanzania iliwahi kugawa nafasi za sekondari kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na ukoloni isibaki nyuma milele. Kenya nayo mwaka 2011 iligawa nafasi za shule zake za kitaifa kwa kuzingatia uwiano wa watahiniwa wa shule za umma na za binafsi, baada ya kuona kwamba shule hizo za kodi ya wote zinajazwa na waliotoka shule za kulipia. Palikuwa na kelele, na wazazi wengine walitafuta hila za kukwepa. Lakini angalau jambo lilitajwa kwa jina lake.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno moja. Tangu mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi imejenga skuli nyingi za ghorofa ili kupunguza msongamano na mikondo miwili, na jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini katika Mkoa wa Mjini Magharibi nako skuli za binafsi zinaongezeka, na mzazi mwenye uwezo ameanza kuchagua. Hamjafika tulipofika sisi wa Ilala, na huo ni utajiri mlio nao. Jengo jipya la ghorofa likigawiwa bila mpango, litakuwa la watoto wa waliolizunguka na waliojuana na mkuu wa skuli. Likigawiwa kwa mpango, litamkutanisha mtoto wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, na Tangazo la Septemba 1964 litakuwa limepata maana yake kamili. Tazameni kosa letu mkajifunze bila kulipa gharama yake.

Na kwa maofisa wetu wa Serikali, wa Jiji na wa Wizara: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi. Maana yake ni kwamba Taifa linamlazimisha kila mtoto akae darasani miaka kumi ya uhai wake. Ni haki kuuliza, akae na nani, na mbele ya mwalimu gani? Anayelazimisha safari ana wajibu wa kukikagua chombo. Katiba ya Chama Cha Mapinduzi ingali inataja Ujamaa na Kujitegemea, na hakuna mahali ambapo maneno hayo yatapimwa kwa ukali zaidi kuliko katika darasa la kwanza la shule ya msingi ya Chanika, saa moja asubuhi, Januari, mwalimu anapoita majina.

Wakoloni waliuacha uwanja mtupu baina ya watoto wa mji mmoja. Tulipopata uhuru tuliujaza uwanja huo Mnazi Mmoja kwa mikutano, mpira na sherehe za taifa, na watu wa kanda zote wakakanyaga nyasi zile zile. Tulifanya hivyo tukiwa maskini kuliko leo, tukiwa na shule chache kuliko leo na walimu wachache kuliko leo. Hatuna udhuru wa kushindwa sasa. Mama muuza vitumbua bado anangoja jibu la swali lake, na hakuniuliza mimi peke yangu.